Kabla ya kumwondoa mpiga batri, chunguzeni pedali ya sharle



Makanisa mengi ya upande wetu wa Ziwa Tanganyika yameanza kununua batri za elektroniki. Ninaposema batri sisemi ile ya gari. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanakijua chombo hicho kwa jina la dramu. Sababu za kukinunua zinaeleweka. Chombo kizima kinakunjwa na kupakiwa kwenye mashua kutoka Uvira au Kigoma bila kuchukua nafasi kubwa. Sauti yake inapunguzwa kwa kuzungusha kitufe, kwa hiyo waamini hawafiki kwenye mahubiri masikio yakiwa yamechoka chini ya bati, na jirani wa kanisa anaweza kulala wakati kwaya inafanya mazoezi.

Lakini baada ya miezi michache lalamiko lilelile huanza kusikika. “Batri hii haina uhai.” “Inamwaga kelele katikati ya wimbo wa utulivu.” “Kijana anapiga nje ya mwendo.” Mara nyingi ukisikiliza vizuri utagundua kwamba ngoma kubwa iko sawa, ngoma ndogo iko sawa, na ugomvi wote unatoka mahali pamoja: chini ya mguu wa kushoto wa mpigaji. Nimeombwa mara kadhaa na kamati za muziki nieleze jambo hili, nami nimeona afadhali niliandike, kwa sababu katika paroasi moja lilifika mbali kuliko muziki.

Tuanze na chombo chenyewe. Kwenye batri ya kawaida kuna matoazi mawili yanayotazamana juu ya chuma kimoja. La chini limetulia, la juu linashushwa na kupandishwa kwa pedali. Sisi tunaofuata Kifaransa tunayaita sharle, kifupi cha sharlestoni, jina linalokumbusha dansi ya Marekani ya miaka ya 1920, wakati chombo hicho kilipozaliwa. Wenzetu wa upande wa Kiingereza husema haihati. Mwanzoni matoazi hayo yalikuwa karibu na sakafu na yaligonganishwa kwa mguu tu. Baadaye yakainuliwa ili yapigwe kwa fimbo pia. Katika miaka ya 1930 Jo Jones, mpiga batri wa okestra ya Count Basie, ndiye aliyejulikana zaidi kwa kuutoa mwendo wa wimbo kwenye ngoma kubwa na kuuweka juu ya sharle, ukawa mwepesi.

Kwetu Kongo sharle ina historia yake. Zaïko Langa Langa, kundi lililoundwa Kinshasa mnamo Desemba 1969, lilieneza mdundo wa cavacha katika miaka ya 1970, na jina la mpiga batri wao Meridjo Belobi limeambatana na mdundo huo mpaka leo. Cavacha hupigwa juu ya ngoma ndogo yenye nyuzi au juu ya sharle. Najua wapo wazee ambao hawapendi tutaje muziki wa dunia katika ukurasa wa kanisa. Lakini wimbo wetu wa sifa unapofika kwenye sebene na akina mama wakatoa vitambaa, mwendo unaowainua umepitia mikono hiyo, tupende tusipende.

Sasa, mguu wa kushoto unafanya nini? Unafanya kazi ya koo la mwimbaji. Mguu ukibana kabisa, fimbo inatoa sauti fupi na kavu. Ukilegeza kidogo, matoazi yanasuguana na sauti inakuwa na mchanga ndani yake. Hiyo ndiyo inayotia moto katika sebene. Ukifungua kabisa, sauti inamwagika na kudumu mpaka mguu uikate. Mguu peke yake, bila fimbo, ukibana kwa haraka hutoa mlio mdogo unaoshikilia kwaya katika nyimbo za taratibu. Ukigonganisha na kuachia papo hapo, matoazi yanalia kama maji yaliyorushwa. Kati ya kubana na kufungua hakuna ngazi. Kuna mteremko, na mpigaji mzuri anakaa popote anapotaka juu ya mteremko huo. Hata baada ya matoazi kugusana, mguu ukiongeza uzito sauti bado inabadilika.

Kwenye batri ya elektroniki hakuna matoazi. Kuna kibao kilichofunikwa na mpira, na chini yake kimebandikwa kihisi kidogo kinachopima nguvu ya fimbo. Kihisi hicho hakijui kama sharle imefungwa au imefunguliwa. Kinajua tu kwamba kimepigwa, na kwa nguvu gani. Habari ya mguu inatoka kwenye pedali kwa waya mwingine. Habari hizo mbili zinakutana ndani ya moduli, yaani kile kisanduku chenye vitufe, na moduli inaamua sauti ipi itolewe kutoka kwenye ghala yake. Kwa hiyo pedali ikisema uongo, moduli itatii uongo huo kwa uaminifu kabisa, hata kama fimbo imepiga kwa ustadi wa miaka kumi.

Lugha wanayozungumza vifaa hivi inaitwa MIDI, nayo ilianza mwaka 1983. Ndani yake mkao wa pedali huandikwa kwa namba kuanzia 0 hadi 127, hivyo kuna nafasi 128 kati ya wazi na kubanwa. Kwenye vifaa vingi 127 ni mguu uliobana, ingawa vipo vinavyogeuza. Katika orodha ya sauti iliyokubaliwa na viwanda, sharle iliyofungwa ni namba 42, mlio wa mguu ni 44, sharle iliyo wazi ni 46. Zikija 42 au 44, sauti ya 46 inatakiwa kukatwa mara moja, kama vile mguu unavyokata sauti ya matoazi ya kweli. Nimetaja namba hizi kwa sababu zitatufaa kwenye uchunguzi.

Si kila pedali inaweza kutoa nafasi zote hizo. Kwenye batri za bei ya chini kabisa pedali ni swichi tu, kama ile ya taa ya chumbani: imewashwa au imezimwa. Mpigaji anaweza kulegeza mguu kwa upole kadiri anavyotaka, moduli itasikia “fungua” au “funga”, basi. Ule mchanga wa katikati haupo, na hakuna mpangilio wowote utakaouleta. Waamini wanaosema batri haina uhai wamesikia vizuri.

Aina ya pili ina mpira unaokandamiza ukanda unaopitisha umeme. Mguu ukizidi kushuka, mpira unagusa sehemu kubwa zaidi ya ukanda na kipimo cha umeme kinabadilika polepole. FD-8 ya Roland, pedali ya sakafuni isiyo na stendi ya matoazi, ni ya ukoo huu, na bado inazunguka sana kwa mkono wa pili. Ni aina nzuri, lakini mpira huchoka na ukanda huchafuka. Dalili yake ni sauti inayoruka kutoka wazi hadi kufungwa bila kupita katikati, au sharle inayojifungua kidogo ilhali mguu umetulia. Aina ya tatu hutumia mwanga au sumaku kupima umbali, kwa hiyo hakuna vitu vinavyosuguana ndani. Batri za gharama zaidi huweka vibao juu ya stendi ya kweli inayopanda na kushuka, jambo ambalo Roland ilileta kwa VH-12 mwaka 2004. Mguu unapata uzito uleule wa matoazi, na mpigaji aliyezoea chombo cha kawaida hana haja ya kujifunza upya. Kwa maoni yangu, kanisa lenye fedha kidogo litapata faida zaidi likiwa na moduli ya wastani na pedali nzuri kuliko moduli yenye sauti mia tano na pedali ya swichi.

Kuna jambo la kuchelewa pia, ambalo wengi wanalichanganya na pedali. Sauti hewani husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo mwimbaji aliye mita 3.4 kutoka kwenye spika anaisikia baada ya milisekunde 10, na hakuna anayelalamika. Moduli nzuri huongeza milisekunde chache tu. Lakini nimeona vijana wakiunganisha batri na spika ya Bluetooth kwa sababu waya umepotea. Bluetooth ya kawaida inaweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde 150 au zaidi. Wimbo ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, sharle inayopigwa mara nne katika kila pigo inalia kila baada ya milisekunde 125. Maana yake mpigaji anasikia fimbo yake ya jana wakati anapiga ya leo! Hapo hata malaika atapoteza mwendo. Tumieni waya.

Niseme sasa habari ya ile paroasi, ambayo sitaitaja. Kijana wao alikuwa na miaka kumi na tisa na alipiga vizuri. Kisha Jumapili moja, katika wimbo wa kuandaa meza ya Bwana, sharle ikaanza kumwaga sauti wakati kwaya inaimba kwa upole. Wazee wakamwonya. Jumapili iliyofuata akapiga bila kosa. Ya tatu, sauti ikamwagika tena. Kamati ikatoa hoja iliyoonekana kuwa na akili: kama anaweza kupiga vizuri wiki hii na vibaya wiki ijayo, basi si kutojua, ni kusudi. Wakasema ni kiburi na roho ya dunia. Akapumzishwa. Baba yake, ambaye ni shemasi, akaacha kuhudhuria vikao, na kwa miezi miwili nyumba hiyo na mwenyekiti wa kamati hawakusalimiana vizuri.

Nilialikwa huko kuhubiri, nikaombwa pia niwasikilize pande zote mbili. Katika mazungumzo, mama mmoja wa sauti ya pili alisema neno ambalo hakuna aliyekuwa amelitilia maanani: “Zile Jumapili mbaya, umeme ulikuwa umekatika.” Tulikaa tukazihesabu, na ilikuwa hivyo. Moduli nyingine, zinapowashwa, hupima pedali na kuchukua mkao wake wa wakati huo kuwa ndio “wazi”. Ndiyo maana vitabu vya maelekezo vya vifaa vya namna hiyo husema usiguse pedali wakati wa kuwasha. Katika paroasi ile umeme ulipokatika katikati ya ibada, jenereta iliwashwa nyuma ya kanisa, na moduli ikarudi yenyewe huku kijana ameketi tayari, mguu juu ya pedali, akingoja kuendelea na wimbo. Moduli ikaamini kwamba nusu ya mteremko ndiyo mwanzo wake. Tangu hapo, hata akibana kabisa, hakufika kwenye “kufungwa”. Alibaki nusu wazi. Katika sebene hakuna aliyegundua, kwa kuwa kelele zilikuwa nyingi. Katika wimbo wa upole kila mtu alisikia.

Tulijaribu mbele ya kamati nzima. Tulizima, tukawasha mguu ukiwa juu ya pedali: sauti ikamwagika. Tulizima, tukawasha mguu ukiwa sakafuni: sharle ikafunga safi. Mwenyekiti alisimama akamwomba kijana msamaha mbele ya kwaya, bila kuzungushazungusha maneno, na namheshimu kwa hilo. Kijana hakurudi wiki ileile. Alichukua muda wake, na nadhani alikuwa na haki. Siku hizi jenereta ikinguruma, yule mama wa sauti ya pili huita kutoka kwenye benchi, “Mguu!”, na kanisa lote linacheka.

Basi, mkiwa na tatizo la sharle, fuateni utaratibu kutoka kwenye kisicho na gharama kwenda kwenye chenye gharama. Kwanza vaeni vipokea sauti vya masikioni na msikilize moja kwa moja kutoka kwenye moduli. Kama sharle ni nzuri masikioni na mbaya kanisani, pedali haina kosa. Sauti ya sharle iko juu sana, na spika ambayo kipaza chake kidogo cha sauti za juu kimeungua itaimeza yote. Kwaya haitasikia mwendo, nayo itaburuta. Nimekuta pia mpiga gita la besi na mpiga batri wakitumia spika moja ya besi. Hapo ngoma kubwa inanguruma vizuri, na sharle ni kama haipo.

Kama masikioni pia ni mbaya, zimeni, toeni mguu, washeni tena. Halafu angalieni waya wa pedali. Hapa ndipo fedha nyingi za makanisa zinapotea bure. Pedali nyingi zinazopima mteremko zinahitaji waya wa stereo, ambao jeki yake ina pete mbili nyeusi. Waya wa gita una pete moja. Zinafanana, zinaingia kwenye tundu lilelile, na kijana anayekusanya vyombo gizani baada ya mkesha atachukua wowote. Jeki ya pete moja hugusanisha nyaya mbili ambazo hazitakiwi kugusana, na sharle inakwama upande mmoja, imefungwa daima au wazi daima. Najua kanisa lililokuwa limeanza changizo la pedali mpya kwa sababu ya waya wa dola chache. Fungeni utepe wa rangi kwenye waya wa pedali na usitumike kwa kitu kingine.

Waya ukiwa sahihi, ingieni kwenye mipangilio ya moduli. Majina hutofautiana, lakini karibu kila moduli yenye pedali ya mteremko ina mahali pa kueleza “wazi” iko wapi, “kufungwa” kuko wapi, na pedali iwe nyepesi kiasi gani. Jambo hili linahusu mwili wa mpigaji mwenyewe. Wapigaji wetu wengi huchezesha kisigino kuhesabu mwendo huku wamebana. Kwenye matoazi ya kweli mchezo huo hausikiki, kwa kuwa uzito wa mguu bado upo. Kwenye pedali nyepesi sana, kila kisigino kinapopanda moduli inasikia “fungua kidogo”, na vimlio visivyotakiwa vinajitokeza. Sogezeni mahali pa kufungia juu kidogo, ili mguu uwe na nafasi ya kucheza ukiwa bado ndani ya eneo la kufungwa. Fanyeni hivyo mpigaji akiwa ameketi na viatu vyake vya Jumapili, maana mguu mtupu wa siku ya mazoezi hautoi kipimo kilekile. Pedali pia isiteleze. Sakafu zetu ni sementi laini au karo. Wekeni kipande cha zulia chini ya batri nzima, stendi na kiti pamoja.

Kama bado inaruka, fungueni pedali mtazame mpira na ukanda. Hewa ya ziwa ina unyevu, barabara zetu zina vumbi, na viwili hivyo vikikutana ndani ya pedali hufanya utando. Panguseni kwa kitambaa safi chenye alkoli ya duka la dawa, umeme ukiwa umezimwa, mkiacha ikauke kabisa. Msitumie petroli wala mafuta ya mashine, mpira utaharibika. Na kama mna mtu mwenye kompyuta, unganisheni moduli kwa waya wa USB na mfungue programu yoyote inayoonyesha namba za MIDI. Bonyezeni pedali polepole kwa sekunde tano. Namba zikipanda moja baada ya nyingine, pedali ni nzima na kosa liko kwenye mpangilio. Zikiruka, kwa mfano kutoka 20 hadi 90, ukanda umechoka. Zikiwa mbili tu, 0 na 127, mna swichi.

Kwa wale ambao bado hawajanunua: msinunue kwa picha ya simu. Mtume mpigaji wenu, si mweka hazina peke yake. Aketi, apige kibao cha sharle bila kusimama huku akishusha mguu polepole kutoka juu mpaka chini, asikilize kama sauti inateremka au inaanguka. Kisha abane mguu peke yake, kwanza taratibu, halafu kwa haraka. Moduli nzuri itatoa milio miwili tofauti. Aulize kama tundu la pedali linapokea pedali ya aina nyingine, ili siku ya kubadilisha isiwe lazima kubadilisha batri nzima. Pedali ya kampuni moja haikubaliani siku zote na moduli ya kampuni nyingine, hata kama jeki inaingia.

Na baada ya ibada, pedali isitupwe chini ya spika ndani ya stoo. Mpira uliokandamizwa wiki nzima hushika umbo hilo, na Jumapili utaanza ibada sharle ikiwa imeshafungwa kabla hamjaketi.